Kompyuta ya mezani haiwaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta ubovu na kuchagua spea

Wengi huniletea kompyuta iliyokufa pamoja na spea mpya, bado imo kwenye boksi lake. Mtu kaambiwa "hiyo ni pawasaplai tu", kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, akanunua. Haikuwaka, akanunua RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Haikuwaka tena, ndipo akatafuta fundi. Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajatoa pesa yake ya kwanza. Njia yenyewe ni moja: fuata umeme kuanzia ukutani hadi kwenye skrini, uone unaishia wapi. Usinunue kitu ambacho hakuna kipimo kilichokinyooshea kidole.

Fundi, kompyuta yangu imekufa. Nianzie wapi?

Anza kwa kuangalia imekufaje, maana neno "imekufa" lina magonjwa manne ndani yake. Kuna iliyo kimya kabisa: unabonyeza kitufe, hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Kuna inayozungusha feni na kuwasha taa lakini skrini inabaki nyeusi. Kuna inayowaka sekunde moja au mbili ikazima, pengine ikajirudia yenyewe. Na kuna inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikakwama kabla ya kufika kwenye Windows au Linux. Hii ya nne kwa kweli haijafa. Mara nyingi kinachosumbua ni diski au mfumo endeshi, na pawasaplai mpya haitaisaidia.

Halafu jiulize kilichotangulia. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Ulipuliza vumbi? Uliongeza RAM? Uliisafirisha? Kompyuta iliyozima baada ya kusafiri huwa na kitu kilicholegea. Iliyozima saa ileile umeme uliporudi, nitaanza na pawasaplai. Iliyozima baada ya kusafishwa, nitaanza na kila kebo iliyoguswa. Majibu haya matatu yameniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Nahitaji zana gani?

Bisibisi ya nyota, tochi, na mita ya kupimia volti. Mita ya bei ya chini inatosha kabisa kwa kazi hii. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa kebo ya umeme, kisha gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Usifanyie kazi juu ya zulia.

Iko kimya kabisa. Naanza na pawasaplai?

Unaanza na ukuta. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye tundu lilelile, si la jirani yake. Kama unatumia ekstensheni au UPS (betri ya akiba), ipitie pembeni na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Badilisha kebo ya umeme. Zinafanana na za monita, kwa hiyo unayo nyingine tayari. Angalia swichi ndogo nyuma ya pawasaplai: alama ya I ndiyo imewashwa, O imezimwa. Nimeshafungua kompyuta nzima mbele ya mwenyewe nikaja kugundua mtoto aliigusa swichi hiyo.

Pawasaplai za zamani zina swichi nyingine, aghalabu nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Mahali penye umeme wa volti 230 ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko mmoja na harufu, na hapo hakuna cha kupima tena.

Kama hayo yote ni mazima, chomoa kebo ya umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 30, rudisha kebo, jaribu. Chaji iliyobaki kwenye kapasita (vihifadhi chaji) huweza kuikwamisha saketi ya ulinzi, na hatua hii huifungua. Haigharimu kitu, na imefufua kompyuta nyingi zilizozimwa na umeme uliorudi vibaya.

Je, kitufe chenyewe kinaweza kuwa kibovu?

Ndiyo, na watu hukisahau. Kutoka kwenye kitufe kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye kona ya chini ya madabodi (ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), kwenye pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN. Uchomoe, kisha gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Kompyuta ikiwaka, ubovu ni kitufe. Unaweza kuchukua waya wa kitufe cha kuanzishia upya ukauchomeka hapo, ukaendelea na kazi zako leo hii.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba pawasaplai ndiyo imekufa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Kipimo maarufu ni cha klipu ya karatasi. Unachomoa kebo zote za pawasaplai kutoka kwenye kompyuta, unachukua konekta kubwa ya pini 24, unaunganisha waya wa kijani na waya wowote mweusi, kisha unawasha. Feni yake ikizunguka, watu husema ni nzima. Mimi sisemi hivyo. Feni kuzunguka kunaonyesha tu kwamba inaweza kuanza ikiwa haina mzigo, na baadhi ya pawasaplai nzuri hazizungushi feni mpaka zipate joto. Ukitumia klipu, chomeka angalau diski moja kuukuu au feni moja ya kasha iwe mzigo.

Kipimo ninachokiamini ni cha mita, kompyuta ikiwa imeunganishwa kama kawaida. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse chuma cha kasha. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya konekta ya pini 24, kandokando ya waya wa zambarau. Kebo ya umeme ikiwa imechomekwa, hata kama kompyuta haijawashwa, waya huo unapaswa kutoa volti 5. Huo ndio umeme wa kusubiria, unaoiweka madabodi macho ili isikie kitufe. Ukikuta sifuri, chomoa konekta kutoka kwenye madabodi upime tena: ikibaki sifuri, pawasaplai imekufa na hakuna ubishi. Ikirudi volti 5, madabodi ina shoti inayoumeza umeme huo.

Ukikuta volti 5, hamia kwenye waya wa kijani. Kompyuta ikiwa imezimwa, waya huo nao huwa na volti kadhaa, karibu na 5. Sasa bonyeza kitufe huku unaitazama mita. Namba ikiporomoka karibu na sifuri, maana yake madabodi imesikia kitufe na imeiamuru pawasaplai iwake. Kama hapo feni hazikuzunguka, amri imefika lakini haikutekelezwa: ama pawasaplai ni mbovu, ama kuna shoti mahali inayoilazimisha ijilinde. Namba isiposhuka hata kidogo, basi amri haikutolewa, na tatizo liko kwenye kitufe au madabodi. Jaribio hili la sekunde tano hutenganisha pande mbili ambazo watu hubahatisha kwa wiki nzima.

Kompyuta ikiwaka, pima zilizobaki. Njano ni volti 12, inayokubalika kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu ni 5, kati ya 4.75 na 5.25. Rangi ya chungwa ni 3.3, kati ya 3.14 na 3.47. Kijivu ni waya ambao pawasaplai hutumia kuiambia madabodi "niko tayari", nao hupanda hadi karibu volti 5 chini ya nusu sekunde baada ya kuwasha. Usipopanda, madabodi itakataa kuanza hata kama volti nyingine zote ziko sawa.

Pawasaplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu. Hapo tumia nafasi: upande wenye kishikizo cha konekta, waya wa "kijani" ni wa nne kutoka mwisho mmoja, na jirani zake wa pande zote mbili ni ardhi, sawa na ule mweusi. Kabla ya kuchomeka klipu yoyote, tafuta mchoro wa konekta hiyo uhakikishe mwisho gani ndio wa kuhesabia.

Naweza kuifungua pawasaplai nibadilishe fyuzi?

Usiifungue. Ndani kuna kapasita kubwa inayohifadhi zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tena fyuzi ya ndani ikiungua huwa imeungua kwa sababu ya kitu kingine kilichopiga shoti. Mpya nayo itaungua.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Ni kadi ya picha?

Inaweza kuwa, ila kuna mambo manne yasiyogharimu kitu ambayo lazima yatangulie.

La kwanza ni kebo ya monita. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya pembeni, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la madabodi. Na kama huna kadi, hakikisha prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta, inaweza kutoa picha. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina uwezo huo. Za AMD Ryzen za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 nyingi hazina pia, isipokuwa zenye herufi G. Mtu hutoa kadi ya picha "ili apime bila kadi", akaona giza, akahukumu madabodi. Madabodi haikuwa na kosa lolote.

La pili ni kebo ya umeme wa prosesa, ile ya pini 4 au 8 inayochomekwa juu kushoto mwa madabodi, karibu na prosesa. Bila hiyo feni zinazunguka vizuri na taa zinapendeza, lakini prosesa haina umeme. Kijana mmoja aliniletea kompyuta akiwa ameshabadilisha madabodi na prosesa. Alikuwa amesafisha vumbi mwezi mmoja kabla. Kebo ile ilikuwa imejificha nyuma ya feni, imening'inia hewani. Niliichomeka ikaita "tik", kompyuta ikawaka, naye akakaa kimya muda mrefu akiitazama ile madabodi yake ya zamani iliyokuwa nzima siku zote.

La tatu ni RAM, na hili ndilo linalofufua kompyuta nyingi kuliko mengine yote. Chomoa umeme, toa RAM zote. Futa miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Rudisha moja tu, kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kwa kuwa madabodi nyingi zenye sloti nne hupendelea hiyo. Sukuma kila upande mpaka kishikizo kijifunge chenyewe. RAM iliyoingia robo tatu huonekana imeingia. Ikikataa, jaribu RAM hiyohiyo kwenye sloti nyingine, kisha RAM ya pili peke yake. RAM moja ikikataa kila sloti, ni mbovu. Sloti moja ikikataa kila RAM, sloti ndiyo mbovu, na unaweza kuendelea kuishi na nyingine.

La nne ni kufuta kumbukumbu ya BIOS, ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi. Chomoa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Mipangilio ya kuharakisha RAM kupita uwezo wake huweza kuizuia kompyuta isiwake, na hii huirejesha kwenye hali ya kiwandani. Betri yenyewe ni ya volti 3. Ukiipima ukakuta chini sana ya hapo, weka mpya.

Jambo la kuongezea kwa wenye RAM za kizazi cha DDR5: baada ya kubadilisha RAM au kufuta BIOS, madabodi huipima RAM upya, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Usiizime. Iache walau robo saa kabla ya kukata tamaa.

Zile taa ndogo kwenye madabodi zina maana gani?

Madabodi nyingi za karibuni zina taa nne zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Huwaka kwa zamu wakati wa kuanza, na ile inayobaki imewaka ndipo ukaguzi ulipokwama. Ikibaki DRAM, rudi kwenye RAM. Ikibaki VGA, chomoa kadi ya picha, uirudishe, na uhakikishe kebo zake za umeme zimeingia mpaka mwisho. Ikibaki BOOT, shukuru: vifaa vikubwa ni vizima, diski ndiyo haionekani. Ichukulie taa kama mwelekeo wa kuanzia kupima, kwa kuwa soketi ya prosesa yenye pini iliyopinda inaweza kuwasha taa ya DRAM.

Na milio ya "bip"?

Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salama. Mifululizo mingine hutofautiana kati ya watengenezaji wa BIOS, kwa hiyo soma kitabu cha madabodi yako hasa. Kama hakuna mlio wowote, huenda kasha lako halina spika. Inauzwa peke yake na huchomekwa kwenye pini nne. Kipimo kizuri: toa RAM zote kisha washa. Madabodi ikilalamika kwa milio, ina uhai na prosesa inafanya kazi.

Inawaka sekunde mbili halafu inazima. Kwa nini?

Kuna kitu kinaipa pawasaplai sababu ya kujilinda, au prosesa inapata joto mara moja. Angalia kama hitisinki, kipoza joto cha prosesa, imekaa sawasawa. Mguu mmoja uliochomoka unatosha. Halafu tafuta shoti. Madabodi hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na kinguzo kimoja cha ziada, mahali pasipo na tundu la skrubu, hugusa njia za umeme kwa chini. Skrubu iliyodondoka hufanya vilevile.

Ukishindwa kuiona shoti, toa madabodi nje uilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Weka prosesa na hitisinki yake, RAM moja, pawasaplai, basi. Iwashe kwa kugusanisha zile pini mbili za kitufe. Ikiwaka nje na kugoma ndani, ubovu ni wa kasha au nyaya zake. Ikigoma hata nje, umebaki na vitu vinne tu vya kushuku. Ikiwaka, ongeza kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa kila mara, mpaka igome tena. Cha mwisho kuongezwa ndicho unachokitafuta. Watu huikwepa hatua hii kwa sababu ni kazi ya kufungua skrubu nyingi, lakini hakuna njia nyingine iliyo mwaminifu kama hii.

Madabodi iliyokufa inatambulikaje?

Kwa macho na pua kwanza. Chukua tochi umulike kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Kilicho kizima kina kichwa bapa kama sarafu. Kilichokufa kimetuna juu, au kimevuja uji wa kahawia uliokauka miguuni. Madabodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikumbwa sana na tatizo hili kwa sababu ya kapasita zenye maji mabaya ndani. Mpya hutumia kapasita ngumu zisizovuja. Fundi mwenye lehemu anaweza kuzibadilisha, akizingatia volti na mikrofaradi zilezile.

Kisha angalia soketi. Kwenye soketi za Intel, na za AMD tangu AM5, pini ziko kwenye madabodi, laini kama unywele. Mulika kwa pembeni: safu zote zing'ae kwa namna moja. Panapokatika mng'ao, pini imepinda.

Kama huoni kitu, madabodi huhukumiwa mwisho, baada ya pawasaplai, RAM na kadi ya picha kuthibitishwa kuwa nzima. Hukumu yake huwa ya kuondoa wengine.

Na prosesa?

Ni nadra sana kufa peke yake. Mwaka 2024 kulikuwa na jambo la pekee: Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi, na baadhi zikaanza kukwamakwama. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili ya waranti. Kama unayo moja, sasisha BIOS leo. Iliyokwisha kuharibika haiponi kwa kusasishwa. Hiyo idai kwenye waranti.

Unapotoa prosesa ya AM4, usivute hitisinki moja kwa moja kwenda juu. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka huing'oa prosesa kutoka kwenye soketi ikiwa imefungwa, na pini zake hupinda. Zungusha hitisinki kushoto na kulia kwanza mpaka uisikie imelegea.

Mafaili yangu yamepotea?

Karibu kila mara hapana. Diski ni kifaa kinachojitegemea, na kompyuta kutowaka hakuigusi. Itoe, uichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA au kwa adapta ya USB, unakili kilicho chako. Ifanye kazi hiyo kabla ya matengenezo mengine yoyote.

Kuna tahadhari moja. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kompyuta nyingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha Windows. Usiiumbize upya (format) diski kwa hasira. Na diski ya kuzunguka inayogonga "tak, tak, tak", izime hapohapo. Kila dakika unayoiacha inakwaruza kilichobaki.

Nimethibitisha ni pawasaplai. Nichague ya wati ngapi?

Jumlisha. Chukua mfano wa prosesa ya i5-12400, ambayo kwa nguvu zake zote hufikia wati 117, na kadi ya RTX 3060 yenye wati 170. Ongeza kama 70 za diski, feni, RAM na madabodi. Unapata karibu 360. Pawasaplai ya wati 550 itaibeba bila kuhema na itabakiza nafasi. Ya wati 1000 haitaifanya kompyuta hiyo iwe na kasi zaidi.

Namba kubwa ubavuni isikudanganye. Soma kibandiko, utafute wati za mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya picha hula hapo. Pawasaplai inayojiita ya wati 600 lakini kwa volti 12 inatoa 300, ichukulie kuwa ya 300. Alama ya 80 PLUS inapima jinsi isivyopoteza umeme kuwa joto. Haipimi ulinzi wala uimara. Mimi hutazama pia miaka ya waranti: mtengenezaji anayetoa miaka mitano au zaidi ameweka pesa yake mahali pa maneno yake.

Sasa hili lisome mara mbili. Kama kebo zake ni za kuchomoa, tumia kebo zilizokuja nayo tu, hata kama za zamani zinaingia. Upande wa pawasaplai hakuna kiwango kimoja; kila mtengenezaji, na wakati mwingine kila toleo, hupanga pini kwa namna yake. Volti 12 hufika palipotakiwa 5. Niliwahi kuua diski mbili za mteja kwa kosa hilo, moja ikiwa na picha za mzazi wake aliyefariki. Tangu siku hiyo, kila pawasaplai mezani kwangu ina mfuko wake wa kebo uliofungwa na kuandikwa jina.

Kompyuta yangu ni ya ofisini, ya Dell au HP. Spea ya kawaida itaingia?

Usidhani hivyo. Nyingi za aina hii zina pawasaplai yenye umbo lake, na konekta ya pini 6 au 8 mahali pa ile ya 24. Madabodi nayo huwa na matundu ya skrubu yasiyolingana na kasha la kawaida. Andika namba ya spea iliyobandikwa kwenye kifaa chenyewe, utafute namba hiyohiyo.

RAM nichague vipi?

Kizazi lazima kilingane: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na pengo lililo katikati ya miguu limewekwa mahali tofauti makusudi. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Hakikisha ni ndefu za mezani, si fupi za laptopu. Ukichanganya kasi mbili, zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole, na wakati mwingine hazitaelewana kabisa. Ukiweza, nunua mbili zilizouzwa pamoja.

Madabodi imekufa. Nanunua yoyote yenye soketi ileile?

Soketi peke yake haitoshi. LGA 1151 ni mfano mchungu: prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 inaingia vizuri kwenye madabodi iliyotengenezwa kwa ya 6 na 7, na haiwaki. Tazama orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, pamoja na toleo la BIOS linalohitajika. Kwenye LGA 1700 kuna madabodi za DDR4 na za DDR5, kwa hiyo chagua inayolingana na RAM uliyonayo. AM5, iliyotoka mwaka 2022, hutumia DDR5 tu. Angalia pia ukubwa: madabodi ya ATX haiingii kwenye kasha la Micro-ATX, ambalo ni dogo zaidi.

Kama madabodi yako ni ya zamani sana, madabodi mpya ya soketi hiyo haitengenezwi tena, na utapata iliyotumika. Hapo piga hesabu ya dhati. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa kazi za kuandika na intaneti, Linux itaifaa mashine hiyo miaka mingine. Kwa mtu anayelazimika kutumia Windows, ningeokoa diski, kasha na monita, nikabadilisha madabodi, prosesa na RAM kwa pamoja.

Spea zilizotumika ni salama?

Prosesa, ndiyo, angalia pini na uso wake tu. RAM pia, ukiipima kwa programu ya MemTest86 usiku mzima. Madabodi nanunua nikiiona inawaka mbele yangu. Kadi ya picha naipa mzigo wa nusu saa kwanza. Pawasaplai iliyotumika sinunui na simnunulii mtu, kwa sababu ikifa vibaya huondoka na wenzake. Diski ya kuzunguka iliyotumika nayo naiacha.

SSD mpya ya M.2 imeingia lakini haionekani. Imekufa?

Huenda si ya aina inayokubaliwa. Kuna M.2 za SATA na za NVMe, umbo moja, lugha mbili. Sloti nyingine husikia moja tu. Kitabu cha madabodi kitakuambia, na pia kitakuambia kama kuitumia sloti hiyo kunazima baadhi ya matundu ya SATA.

Nimebadilisha madabodi, imewaka, lakini Windows inasema haina leseni.

Leseni ya kidijitali hufungamanishwa zaidi na madabodi. Kama uliiunganisha na akaunti ya Microsoft mapema, ingia kwenye mipangilio ya uamilishaji, uchague kitatuzi, useme umebadilisha kifaa. Leseni iliyokuja na kompyuta ya kiwandani kwa kawaida haihami. Ukiwa hapo, ingia pia kwenye BIOS upange tarehe na saa. Saa ikiwa nyuma miaka, tovuti nyingi zitakataa kufunguka.